Mapaja yanagoma kushuka ngazi: nijitayarishe vipi kwa mbio za msituni Mlima Elgon?

"Daktari, nina miaka 36, naishi Kisumu na nimezoea kukimbia barabarani alfajiri, kilomita 10 hazinisumbui. Marafiki wa Kitale wamenialika tukimbie pamoja kwenye mbuga ya Mlima Elgon wiki nane zijazo, kama kilomita 18 za vijia vya msituni, kupanda na kushuka. Ili nijipime nilienda msitu wa Kakamega, nikapanda kilima cha Lirhanda na kuteremka mbio mara kadhaa. Siku ile nilijisikia vizuri sana. Kesho yake mapaja yakaanza kuuma, na siku ya pili sikuweza kushuka ngazi za ploti bila kushika ukuta. Magoti nayo yaliuma kwa mbele. Mmoja ananiambia ni asidi imejaa, nitafute mtu anikande kwa nguvu. Mwingine anasema mafuta ya magoti yanaisha na milima itayamaliza kabisa. Rafiki yangu humeza diclofenac, dawa ya maumivu, kabla ya kila mbio na hasikii chochote. Je, niende au niache? Na kuna ubaya gani tukipumzika ndani ya pango la Kitum? Watu wameishi kwenye mapango hayo tangu zamani."

Dada yangu, nenda. Lakini zitumie wiki hizi nane kujifunza kushuka, maana kushuka ndiko kulikokuumiza. Diclofenac usiiguse. Na lile pango mtalitazama mkiwa nje.

Nikikusoma vizuri, unachoogopa hasa ni kwamba maumivu yale yalikuwa onyo: kwamba mwili wako umejengwa kwa lami ya Kisumu, na milima si yako. Sivyo. Angalia yalivyokuja. Siku yenyewe hakuna kitu, kesho yake yanaanza, siku ya pili yanafika kilele. Huo ndio mwendo wa kawaida wa misuli yenye afya iliyopewa kazi isiyoizoea. Misuli iliyochanika vibaya haingoji kesho; hukusimamisha pale pale kijiani.

Habari ya asidi nimeisikia miaka yote ya kazi yangu, hata kutoka kwa makocha ninaowaheshimu. Asidi ya laktiki huongezeka unapojikaza hadi ukatweta, yaani hasa wakati wa kupanda. Ukipumzika, mwili huiondoa na kuitumia, na baada ya saa moja hivi damu imerudi kawaida. Ulipokuwa umeshika ukuta siku ya pili, asidi ya Lirhanda ilikuwa imekwisha kitambo. Tena kama asidi ingekuwa ndiyo sababu, kupanda kungekuumiza kuliko kushuka, na wewe mwenyewe umeona ni kinyume.

Kilichotokea ni hiki. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikifupika, nayo hukusukuma juu. Unapoteremka, misuli hiyo hiyo hujikaza ili goti lisikunjike ghafla, lakini uzito wa mwili unaishinda kidogo kidogo, kwa hiyo inarefuka huku imejikaza. Ndiyo breki yako, na inafanya kazi kwa kila hatua. Nyuzi za misuli zimejengwa kwa vipande vidogo sana vilivyounganishwa mfululizo, na nguvu zao hazilingani. Vile dhaifu huvutwa kupita kiasi na kuharibika. Uchungu wenyewe huja baadaye, mwili unapoanza ukarabati: maji na chembe za ulinzi hukusanyika pale, na neva za eneo hilo huwa nyepesi kuhisi hata mguso mdogo. Kazi hiyo huchukua saa nyingi kuanza, ndiyo maana ulirudi Kisumu jioni ile ukiwa na furaha.

Kushuka kuna hatari nyingine inayowapata wakimbiaji wa barabarani wenye pumzi nzuri kama yako. Mteremko hautumii hewa nyingi. Mapafu yametulia, moyo umetulia, na wewe unasadiki kwamba huna uchovu, kumbe mapaja yanaharibika kimya kimya. Na maumivu yakiisha, nguvu huwa bado haijarudi yote. Inaweza kuchukua wiki nzima au zaidi. Ukirudi mteremkoni siku ya tano kwa sababu huumwi, goti litakusaliti kwenye mzizi ulioloa.

Sasa sehemu ya kukupa moyo. Misuli iliyopitia jambo hili mara moja hujirekebisha kwa namna ya kustahimili mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Huhitaji kuumia sana ili kuipata. Hata dozi ndogo ya mteremko huijenga. Lirhanda ilikupa dozi kubwa mno kwa siku moja, lakini haikupotea bure.

Kwa hiyo mazoezi yako yawe ya dozi. Vilima vya Riat viko mlangoni kwako. Subiri hadi ushuke ngazi bila kufikiria, halafu tafuta kijia cha udongo kule Riat, mbali na magari. Panda kwa kutembea, teremka kwa mbio nyepesi dakika mbili au tatu, rudia mara nne, basi. Utahisi hujafanya kitu. Nenda nyumbani hivyo hivyo. Siku mbili baadaye mapaja ndiyo yatakayokupa jibu: yakiwa mazito kidogo tu, wiki inayofuata fanya mara sita, kisha urefushe mteremko. Mara moja kwa wiki inatosha mwanzoni, na mbio zako za kawaida za tambarare ziendelee. Kufikia wiki ya sita uwe umefanya safari moja ya saa mbili hivi yenye mteremko wa mfululizo. Baada ya hapo, siku 10 hadi 14 kabla ya Elgon, usiteremke tena kwa nguvu. Watu wengi huharibu hapa: wanaenda kujipima wiki ya mwisho na kuanza safari wakiwa na mapaja yaliyochoka.

Nyumbani tumia ngazi zile zile zilizokuaibisha. Simama kwenye kidato kwa mguu mmoja, teremsha mguu wa pili polepole ukihesabu hadi nne mpaka kisigino kiguse chini, kisha rudi juu kwa miguu yote miwili. Mara 8 kila mguu, siku tatu kwa wiki. Goti lielekee kwenye vidole vya mguu, lisiingie ndani. Ukiweza kufanya hivyo mbele ya kioo, vizuri zaidi, kwa sababu goti linaloingia ndani mwenyewe huwa halihisi.

Kuhusu namna ya kuteremka, nakushauri usome nyayo zako. Shuka mara moja kwenye udongo laini, kisha rudi juu ukitembea na uinamie alama zako. Kama kisigino kimechimba shimo na udongo umesukumwa mbele, unajitupa nyuma na kufunga breki kwa goti lililonyooka. Kila shimo la namna hiyo ni pigo kwa paja na kwa goti. Alama nzuri haina kina kirefu, imekanyaga karibu wayo mzima, na inayofuata haiko mbali. Ili kufika hapo, fupisha hatua na uziharakishe, kunja goti kidogo kabla ya kutua, na mwili uegemee mbele kidogo kufuata mteremko badala ya kuukwepa. Mikono ifungue pembeni. Macho yaangalie hatua tatu au nne mbele. Ukiangalia vidole vya miguu umeshachelewa. Na palipo na mizizi iliyolowa, tembea. Msituni hata wazoefu hutembea, na hakuna anayekupunguzia kilomita.

Magoti yako hayajaishiwa mafuta. Ute wa kulainisha goti hutengenezwa na ngozi nyembamba iliyo ndani ya kiungo chenyewe, siku zote, na kukimbia hakuumalizi. Maumivu ya mbele, kuzunguka kile kifuniko cha goti, yanayozidi ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu kwenye matatu, kwa kawaida hutokana na kifuniko hicho kukandamizwa kwenye mfupa wa paja kupita kilivyozoea. Misuli ya paja ikichoka, goti hupoteza mwongozo wake, na mzigo huongezeka. Dawa yake ni ile ile: dozi ndogo, nguvu ya paja na nyonga, hatua fupi. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanayotulia kufikia kesho yake unaweza kuendelea nayo. Yanayozidi wiki hadi wiki, hapana.

Kukandwa kwa upole kunaweza kukupa nafuu, sikukatazi. Kukandwa kwa nguvu mpaka ulie ni kuumiza misuli iliyo katikati ya matengenezo. Kujinyoosha kabla na baada hakuzuii maumivu haya, ingawa ukipenda fanya. Kinachosaidia kweli ni kutembea kidogo, kulala vya kutosha, na kula chakula cha kujenga mwili. Omena, maharagwe na mayai vinatosha kabisa. Huhitaji unga wa bei kwenye makopo.

Hiyo diclofenac nataka tuizungumze taratibu, maana nimeona inavyouzwa kirahisi kwenye duka la dawa na inavyopewana kama peremende kabla ya mashindano. Unapokimbia saa mbili au tatu unatoka jasho, na damu nyingi inaelekezwa kwenye misuli na ngozi. Figo hubaki na damu kidogo. Zinajilinda kwa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, ambazo huipanua mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo. Diclofenac, ibuprofen na jamii yao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Yaani umeiondoa kinga ya figo saa ile ile zinapoihitaji. Ongeza kwamba mteremko unavunja nyuzi za misuli, na protini kutoka kwenye nyuzi hizo huingia kwenye damu na kupita kwenye figo hizo hizo zilizopungukiwa. Tumbo nalo linaweza kuchubuka na kuvuja damu. Rafiki yako hasikii chochote kwa sababu dawa imeyanyamazisha maumivu, na figo huwa haziumi zinapodhurika. Mara nyingi kipimo cha damu ndicho husema. Mwambie nimemsihi aache, vidonge na sindano yake pia. Baada ya mbio, ukizidiwa, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha, na kama una shida ya ini umwone daktari kwanza. Kunywa maji kwa kiu yako. Kujilazimisha lita na lita za maji matupu nako kuna hatari, kwani chumvi ya damu hushuka.

Na hapa kuna dalili moja ambayo haingoji: baada ya mbio, ukiona mkojo umegeuka rangi ya strungi, mapaja yamevimba na kuwa magumu, na miguu haina nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikandwe, usimeze kidonge, usingoje asubuhi. Misuli imevunjika kiasi cha kuweza kuziba kazi ya figo. Ikitibiwa mapema kwa dripu, wengi hupona vizuri.

Sasa Kitum. Ni pango la ajabu na naelewa kwa nini mnalitaka. Linaingia karibu mita 200 ndani ya mlima, na kuta zake zimekwaruzwa kwa pembe za ndovu ambao kwa vizazi wamekuwa wakiingia usiku kuchimba na kula mwamba wenye chumvi. Ndani wanaishi popo wengi, wakiwemo popo wakubwa wanaokula matunda. Popo hao wa matunda, aina inayopenda mapango, ndio wanaobeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoweza kuua. Mwaka 1980 mtu aliyekuwa anaishi magharibi mwa Kenya na aliyekuwa ametembelea Kitum aliugua Marburg na kufariki Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye aliyekuwa ameingia Kitum, aliugua na kufariki. Popo waliokamatwa humo mwaka 2007 walipochunguzwa, alama za virusi hivyo zilipatikana. Na mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda.

Unasema watu wameishi humo, na ni kweli. Wasabaoti walikaa kwenye mapango ya Elgon na ng'ombe wao kwa vizazi. Watalii wengi pia wameingia Kitum wakatoka salama, kwa sababu kwa wakati wowote ni popo wachache tu wanaokuwa na virusi. Sikuogofyi kwamba ukiingia utaugua. Ninachokuambia ni kwamba uwezekano ni mdogo lakini gharama yake ni maisha, na hakuna chanjo wala dawa mahususi iliyoidhinishwa. Tena mkimbiaji ana hali mbaya kuliko mtalii. Anaingia akihema kwa nguvu kwenye hewa yenye vumbi la kinyesi cha popo. Viganja vyake vina michubuko ya kuanguka. Anaegemea mwamba, anajifuta jasho la uso kwa mkono ule ule, anaiweka chupa chini na kuinywea. Vumbi hilo hilo linaweza pia kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu. Pigeni picha mkiwa kwenye mwanga, nje ya mdomo wa pango, na mapumziko yenu yawe chini ya miti. Kanuni ni hiyo hiyo kwa Makingeny na mapango mengine ya pale, na kwa lile handaki la zamani la wachimba dhahabu pale Lirhanda, ambalo nalo lina popo.

Hukuniambia kama uliingia handaki lile. Kama uliingia, hesabu siku 21. Ukipata homa kali, kichwa kikigonga, mwili ukiuma au ukitapika ndani ya siku hizo, usijinunulie dawa ya malaria ukalala. Kisumu kila homa huitwa malaria, na mwanzo wa Marburg hufanana nayo sana. Nenda hospitali upimwe, na neno la kwanza umwambie mhudumu mlangoni kabla hajakugusa: niliingia mahali penye popo. Kuna uwezekano mkubwa iwe ni malaria kweli, na hutakuwa umempotezea mtu muda.

Kuhusu mlima wenyewe, Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na vijia vya mapangoni viko zaidi ya mita 2,000. Utahema mapema na saa yako itakuonyesha kasi ya kukuvunja moyo. Ifunike. Kimbia kwa kiwango ambacho bado unaweza kuongea sentensi nzima, na kwenye kupanda tembea bila aibu. Laleni Kitale usiku uliotangulia badala ya kuamka saa nane kuwahi gari. Anzeni asubuhi, kwa sababu mvua ya mchana ya Elgon ni baridi na fulana iliyoloa hunyonya joto haraka mtu akisimama; koti jepesi la mvua libebwe na kila mmoja. Kuna ndovu na nyati katika msitu ule, na kijia kina kona nyingi. Msikimbie bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na yule wa mbele asimwache askari huyo nyuma. Hili halina mjadala kwangu.

Kwa viatu, mitumba ya soko la Kibuye inafaa ukichagua kwa makini. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama haina uhai, sponji imechoka, kirudishe. Soli ya chini iwe na meno. Mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utakutoa kucha. Kata kucha siku mbili tatu kabla, na kamba ikaze zaidi karibu na kifundo.

Ukiteguka kifundo huko, jaribu hatua nne. Ukishindwa kuzitembea, au mfupa wa pembeni ya kifundo ukiuma sana ukiubonyeza kwa nyuma na chini, hiyo inahitaji eksirei mjini Kitale. Ukizitembea, toka msituni polepole, pandisha mguu, weka barafu, na ndani ya siku chache uanze kuutumia.

Kabla ya safari, ningependa mtu akuone ana kwa ana ikiwa goti litavimba ndani ya saa chache baada ya mazoezi, litakwama, litalegea ghafla ukisimama, au likiuma usiku ukiwa umelala. Vilevile kama maumivu ya mbele hayajapungua baada ya wiki tatu za dozi ndogo, au kama una presha, kisukari au shida yoyote ya figo, maana hapo daktari atataka kukupima kabla hujapanda. Ukienda kliniki ya fiziotherapia, vaa kaptula na ubebe viatu vyako vya kukimbilia bila kuvisafisha. Tutataka kuona soli zilivyolika na udongo ulipogandia.